Shajara ya mradi: kubandua mkeka wa nyota za kijani kwenye jiwe hai

Siku ya kwanza

Haya naanza kuandika leo maana nikisema nisubiri nipate muda mzuri sitaandika kabisa. Tatizo ni hili, lile tumbawe laini la nyota za kijani (Briareum kwa jina la kitaalamu) limenilia jiwe zima kwenye tangi langu la maji ya chumvi la nyumbani. Miaka mitatu iliyopita nilipewa kipande kidogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nikakibandika na gundi katikati kabisa ya jiwe kubwa kwa sababu nilitaka kionekane. Kikaonekana kweli. Leo mkeka wa zambarau umefunika kama theluthi mbili ya jiwe, umeshuka mpaka kwenye mchanga, umepanda kioo cha nyuma, na wiki iliyopita nimekuta umeanza kupanda juu ya Montipora yangu, yaani ule ukingo wa zambarau umeshalala juu ya tumbawe gumu na chini yake limebaki jeupe tupu. Hapo ndo uvumilivu ulipoisha.

Siwezi kusema ni baya, taa ikiwaka na pampu ikisukuma maji linayumba kama majani ya kijani na kila polipi (kimnyama kimoja kimoja cha tumbawe) ina vijikono vyake nane, wageni wote wanaliangalia hilo kwanza. Ila linatambaa. Hizo polipi zote zimeunganishwa na ule mkeka wa chini, kwa hiyo ukiziona elfu moja ujue ni kiumbe kimoja kilichojitandaza, na ukikata polipi za juu hujafanya chochote.

Hali ya tangi leo: lita 220, chumvi 1.026, joto 25.5, alkalini 8.4, naitreti 15, fosfeti 0.12. Naandika hizi namba ili baadaye nijue nimeharibu kiasi gani.

Siku ya pili

Leo sijagusa kitu, nimekaa nafikiria njia. Njia ya haraka kuliko zote ni kutoa jiwe, kulianika likauke au kulitumbukiza kwenye klorini, halafu kuanza upya. Sitaki. Lile jiwe ndo filta yangu, bakteria wanaokula amonia wanaishi humo kwenye vitundu vyake, na kuna minyoo, kuna sponji, kuna mwani wa chokaa wa zambarau uliochukua miaka kuota. Nikiliua lote nitakuwa na jiwe safi na tangi bovu.

Kuleta mnyama wa kulila nimefikiria pia nikaacha. Samaki wanaodonoa matumbawe wapo, ila hawachagui, atakula na yale ninayoyataka, na baada ya hapo nina samaki wa kumtafutia kwa kwenda.

Nimebaki na kubandua kwa mkono, chokaa kwenye mabaki, na gundi kwa sehemu sugu. Nitajaribu kwanza kona moja ndogo. Nishawahi kuharibu tangi kwa haraka zangu, sirudii.

Siku ya nne

Jaribio. Nimezima pampu zote, nikaingiza mkono na kisu butu, nikaanza kwenye ukingo pale mkeka ulipoinuka kidogo. Ukishapata mdomo wa kushika, unabanduka wenyewe, kama unavyotoa zulia la plastiki la zamani lililogandia sakafuni, unavuta taratibu na unasikia kwa vidole nyuzi zinaachia moja moja. Kimetoka kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja. Juu polipi zote zimejificha, imebaki vidoti tu, na chini ni rangi ya maziwa yenye chembe za jiwe zimeng'ang'ania. Harufu yake jamani, ni ile ya pwani maji yakitoka, ila mara tatu.

Nikajisikia fundi kweli, nikasema hii kazi ni ya jioni moja. Halafu nikawasha tochi.

Pale palipobanduka jiwe halikuwa tupu. Jiwe hai limejaa vishimo, na kwenye kila kishimo kumebaki kijidoti cha zambarau kama kichwa cha pini, mkeka ulikatikia hapohapo. Nimehesabu kwenye eneo la kiganja kimoja: 17. Sasa nimeelewa, kubandua ndo kazi rahisi, vishimo ndo mradi wenyewe.

Vishimo vitano nimeviwekea chokaa, kumi na mbili nimeviacha makusudi nione.

Chokaa nayosema ni ile safi, haidroksaidi ya kalsiamu, wengi tunayo tayari ya kuongezea kalsiamu kwenye tangi. Unachanganya unga na maji matamu kidogo sana mpaka iwe nzito kama dawa ya meno, unavuta na bomba la sindano, unabandika juu ya kidoti. Inaunguza kwa sababu pH yake iko kama 12.4, sasa fikiria hiyo kwenye jicho lako, vaa miwani. Pampu zizimwe kabisa, usipunguze tu, zima, na uache dakika 15 hivi mpaka igande. Mimi kishimo cha nne nilibonyeza bomba kwa nguvu, likatoka wingu jeupe likaenda kutua juu ya tumbawe la jirani, nikalipuliza haraka na bomba tupu. Jirani kanuna siku nzima ila nadhani atapona.

pH ya tangi ilipanda kutoka 8.1 kwenda 8.3, hakuna aliyelalamika.

Siku ya tisa

Matokeo ya kona: vishimo vya chokaa vyote vitano vyeupe, havina kitu. Vile 12 nilivyoacha, nane vimeshatoa polipi. Siku tano tu! Ni ndogo kama mbegu, kijani kabisa, vina vijikono na kila kitu, vimekaa kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo uamuzi umepita. Jiwe linatoka. Nisingependa kubandua ndani ya tangi kwa sababu kila ukivuta kuna vipande vinachanika na kuelea, na kipande kikitua mahali kitaota. Jana usiku nimetengeneza maji mapya ya chumvi lita 80, nimeweka hita na pampu yakorogeke mpaka asubuhi.

Siku ya kumi, ile yenyewe

Siku ndefu, nitaandika kwa kirefu maana hapa ndo nilikaribia kufanya ujinga.

Mpango ulikuwa hivi: ndoo ya kwanza ina maji ya tangi, ya kubandulia. Ndoo ya pili ya kusuuzia. Ndoo ya tatu ina maji safi na pampu ndogo, jiwe litakaa humo likisubiri. Zana: kisu butu, patasi na nyundo ndogo, brashi ya meno, koleo. Na nilikuwa nimeandaa drili yenye brashi ya waya nikiwaza nitasugua vishimo vyote kwa dakika kumi nimalize.

Nimetoa jiwe, zito kweli likiwa nje ya maji, nikaliweka kwenye ndoo, mkeka wa mbele ukatoka vizuri, vipande vinne vikubwa na vidogo sijui vingapi. Mdogo wangu alikuwa anashika tochi, akaniuliza, "Kaka, na hivi vya huku nyuma navyo ni vyenyewe?" Nikageuza jiwe. Upande wa nyuma, ule unaoangalia ukuta ambao sijauona tangu nilipolipanga, kuna kundi la polipi za kahawia, nene, zimefunga midomo kama vifungo vya koti. Thelathini hivi. Sio nyota za kijani hizo. Ni Palythoa.

Nikamwambia dogo ondoka hapo, nikaweka kila kitu chini.

Kwa wasiojua, baadhi ya Palythoa wana sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa zinazotoka baharini zisizo za protini. Ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa wa Hawaii, na wenyeji wa huko walishaijua zamani kabla ya wanasayansi, waliita mwani wa mauti wa Hana na masimulizi yao yanasema ulipakwa kwenye mikuki. Kazi yake mwilini ni kuvuruga ile pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli, pampu inageuka tundu lililo wazi, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Sio kila kundi la Palythoa lina sumu nyingi, ila kwa macho huwezi kujua lipi linayo na lipi halina, kwa hiyo unalichukulia kuwa linayo. Inaingia kwenye kidonda, kwenye jicho, na mbaya zaidi kwa kuvuta hewa yenye matone yake. Watu wamelazwa hospitali familia nzima kwa sababu mtu mmoja alimwagia jiwe maji ya moto au alilichemsha jikoni auwe polipi. Moto wa kawaida hauiui sumu yenyewe, unachofanya ni kuirusha hewani na mvuke.

Sasa mimi nina drili yenye brashi ya waya mkononi. Ingerusha matone chumba kizima. Nimeirudisha kabatini na sijaigusa tena.

Mpango mpya. Glavu ndefu juu ya zile fupi, miwani inayoziba pembeni, barakoa, madirisha wazi, dogo yuko nje. Palythoa hukwangui, hukati, husugui. Unakata jiwe lililo chini yao. Nikaweka jiwe ndani ya ndoo lizame kabisa, nikaweka patasi sentimita moja pembeni ya kundi, nikagonga taratibu chini ya maji ili kisiruke kitu. Jiwe hai ni laini kuliko linavyoonekana, lina matundu, limevunjika kwa mabamba matatu na polipi zote zikiwa juu yake hazijaguswa. Nimepoteza jiwe la ukubwa wa ngumi na wala siumii.

Mabamba yameenda kwenye ndoo ya maji ya klorini, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, klorini inaivunja hiyo sumu. Zana zote humohumo. Yale maji ya ndoo ya kubandulia nayo nikayatia klorini yakakaa ndo nikamwaga. Hakuna hata tone la ndoo hiyo lililorudi kwenye tangi.

Baada ya hapo nikabadilisha glavu, maji mapya, nikarudi kwenye vishimo na brashi ya meno na ncha ya kisu, chini ya maji muda wote. Kishimo kimoja kimoja. Kuna vingine ncha haifiki, unaona kabisa zambarau iko ndani na hakuna unachoweza kufanya. Nimesuuza jiwe mara tatu, nikapaka chokaa pale nilipoona rangi, nikasubiri igande kidogo nje ya maji, nikarudisha jiwe.

Masaa mawili na nusu jumla. Mkeka uliotoka, baada ya kuchuja maji, gramu 740. Mgongo umekufa.

Siku ya 11

Maji yana ukungu. Amonia 0.25, nilitegemea, kuna vitu vimekufa kwenye jiwe. Skima (kile kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu) inatoa povu kama imechanganyikiwa, kikombe kimejaa mara tatu tangu asubuhi, ule ute wa mkeka ndo unatoka. Nimebadilisha lita 50 na kuweka kaboni mpya ya kunyonya kemikali kwenye maji, maana matumbawe laini yakijeruhiwa yanatoa kemikali zao za kivita na matumbawe magumu hayazipendi kabisa.

Kilichoniuma ni samaki wangu wawili wa klauni. Walikuwa wanalala kwenye ule mkeka kama vile ni anemoni. Jana usiku taa zilipozima nimewakuta wanazunguka palepale juu ya jiwe tupu, yule jike anashuka anagusa jiwe na tumbo, anapanda, anashuka tena. Nimezima tochi nikaenda kulala.

Siku ya 14

Amonia 0. Montipora ule ukingo uliokuwa umefunikwa ni mfupa mweupe lakini pembeni yake nyama imesimama hairudi nyuma tena. Klauni wamehamia kona ya pampu.

Siku ya 20

Hesabu ya machipukizi kwa tochi, mbele na pembeni: 31. Sikukata tamaa, kwenye ile kona ya majaribio kiganja kimoja tu kilikuwa na vidoti 17 kwa hiyo jiwe zima 31 ni habari njema.

Yaliyo usawa wa jiwe nimeyapa chokaa. Yaliyo ndani ya vishimo virefu nimeyazika: gundi ya supaglu ile nzito ya jeli, juu yake kidonge cha epoksi, nikabonyeza mpaka kishimo kikazibika kabisa. Gundi peke yake haitoshi, baada ya wiki inainuka kwenye kingo na polipi inachungulia pembeni. Epoksi ikaifanya skima ichachamae tena, nikaizima masaa machache.

Siku ya 27

Upande wa kushoto kuna sehemu ndogo ya mkeka ambayo sikuiondoa siku ile kwa sababu imekaa kwenye mkunjo wa jiwe, patasi haiingii. Nimejaribu giza. Nimekata plastiki nyeusi nikaifunga juu yake kwa uzi wa nailoni, wazo ni kwamba hili tumbawe linaishi kwa mwanga, vile vimwani vilivyo ndani ya nyama yake ndo vinalilisha.

Siku ya 39

Nimefungua plastiki. Siku 12 za giza. Polipi hazionekani, mkeka umepauka, nikafurahi. (Naongeza siku ya 41:) baada ya siku mbili polipi zikarudi zote, rangi imefifia ila ziko hai, zinayumba. Labda miezi ingeweza, ila siwezi kuweka plastiki nyeusi mbele ya tangi miezi. Giza nimelifuta kwenye orodha.

Siku ya 41

Kioo cha nyuma: wembe. Hii ndo sehemu pekee ya mradi mzima iliyokuwa raha, unasukuma wembe na mkeka unajikunja kama karatasi, kioo hakina vishimo hahaha. Mkono mmoja wembe, mkono mwingine mpira wa kunyonyea maji uko palepale unavuta kila kipande.

Kipande kimoja nimekiacha hai. Ndiyo najua. Nimekibandika kwenye kigae kidogo na kigae kimekaa peke yake katikati ya mchanga, sentimita 15 kila upande hakuna jiwe. Kikifika ukingoni nakata. Klauni jike alikikuta ndani ya nusu saa.

Machipukizi kwenye jiwe: 9.

Siku ya 55

Jambo ambalo sikulifikiria: jiwe tupu halikai tupu. Kwanza umekuja utandu wa kahawia, sasa kuna mwani wa nywele wa kijani kwenye kila mahali mkeka ulipokuwa. Na naitreti imepanda mpaka 25 wakati ninalisha kilekile. Nadhani lile zulia lote lilikuwa linakula sehemu ya hivyo virutubisho, nimeliondoa na mwani umekuja kuchukua zamu. Nimeongeza konokono sita, nimepunguza chakula kidogo, na kila Jumamosi nang'oa mwani kwa mkono huku mpira unanyonya. Katikati ya vurugu hiyo naona vidoti vya pinki, mwani wa chokaa unarudi. Huo nausubiri kwa hamu, ukifunika jiwe wengine wanapata shida kushika.

Machipukizi: 3, yote kwenye ule mkunjo wa kushoto. Nimeutoa mkunjo wenyewe kwa patasi, jiwe nje, ndoo, utaratibu uleule, dakika ishirini. Ningefanya hivyo siku ya kumi kuliko kuchezea plastiki.

Siku ya 70

Jiwe kuu: sifuri, wiki ya pili mfululizo. Nimepiga tochi usiku, nimepiga mchana, nimegeuza mpaka upande wa ukutani, hakuna zambarau wala vifungo vya kahawia.

Halafu leo nasafisha pampu ya mzunguko, ile ya kulia, nimeichomoa na chini ya mdomo wake, kwenye kile kigodoro cha mpira kinachoshika kioo, kuna polipi nne za kijani zimekaa zinapigwa na upepo wa maji vizuri kabisa. Kitakuwa kipande kilichochanika siku ya nne nilipokuwa nabandua ndani ya tangi najiona fundi. Kigodoro nimekitoa kipo kwenye klorini, pampu nimeifunga na kigodoro cha akiba, na kesho nachomoa ya kushoto.